Fungu la Asiyeolewa

Siku ile ya mbuzi naikumbuka vizuri, mwanangu Aikande, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya. Nilitaka kukusimulia jana pale sebuleni kwenu, lakini niliona nikifungua mdomo nitamtukana kaka yangu, baba yako, mbele ya wageni waliotoka kanisani. Nikachukua mtandio wangu nikaondoka, hata chai sikumaliza. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu, usijidanganye. Kaa hapo kwenye kigoda umenye hizo ndizi za mtori, mimi niseme.

Maneno ya baba yako niliyasikia yote. Umepewa nafasi ya uhamisho kutoka Dar kuja kufanya kazi hapo chini Moshi mjini, ukamwomba baba yako kipande cha kihamba, hili shamba letu la ukoo, ujenge nyumba yako, uwe unashuka kazini na kupanda jioni. Naye akasema nini? Kwamba binti hajengi kwao, binti anajenga kwa mumewe, na wewe mume huna. Akalisema hilo kwa sauti, mikono kifuani, utadhani anasoma tangazo la kijiji. Wewe ukalia. Halafu ukasema kitu kilichonichoma kuliko maneno yake: kwamba basi utamkubali yule mfanyabiashara wa Tarakea aliyeleta wazee, yaishe. Humpendi. Uliniambia mwenyewe mwezi uliopita kwamba ukikaa naye unatamani simu ilie upate kisingizio cha kutoka nje. Leo unataka kuolewa naye ili upate mahali pa kusimamisha ukuta! Nikasema la, huyu lazima aisikie habari ya mbuzi.

Unajua nilikuwa muuguzi. Serikali ilinihamisha huku na kule nikiwa msichana, peke yangu na sanduku moja la bati. Hapo Moshi mjini ndipo nilipoanzia, na hapo ndipo nilipokiona cha mtema kuni. Nikienda kuuliza chumba, mwenye nyumba ananitazama mabegani kama kuna mtu nimemficha nyuma. Mume wako yuko wapi? Huna? Basi mlete baba yako aje akusemee. Mimi, niliyekuwa nazalisha wake zao, nilitakiwa kusemewa na mzee atoke huku mlimani na fimbo yake ashuke hadi mjini ili nipewe chumba chenye dirisha moja!

Wakanipeleka Tanga. Watu wa Tanga ni waungwana, siwasingizii. Mama wa chumba cha pili alikuwa hapiki bila kuniletea kibakuli. Ila kila kibakuli kilikuja na swali, na swali lilikuwa lile lile, limefunikwa tu kwa salamu ndefu. Mwanza nilipumzika. Kule nilikuta wanawake wana vibanda vyao vya samaki, wanapanga nyumba zao, wanagombana na madalali kwa sauti zao wenyewe, na hakuna aliyeshangaa. Ningekaa Mwanza mpaka leo kama wasingenihamisha.

Kisha Dar. Eh, Dar niliipenda, mwanangu, nisikufiche. Nilipanga chumba, nikatoa kodi, nikapewa ufunguo, basi. Hakuna aliyeuliza. Nilivaa nilichotaka, nilirudi saa niliyotaka, Jumapili nililala mpaka jua likachoma bati. Nikasema mji wa watu wasio na waume ni huu, wengine wajinga tu. Nikashikwa na malaria. Nililala kitandani siku baada ya siku, nasikia majirani wanapita mlangoni wanacheka, ndala zao zinapiga sakafu, na hakuna aliyegonga. Aliyegonga ni muuza maji, naye alikuja kudai madumu yake. Nilimfungulia kwa kutambaa. Akayachukua madumu, akaniambia pole, akaenda zake.

Nilipopona ilikuwa Desemba. Unajua Desemba ya kwetu, Mchagga hata awe wapi anarudi. Nami nikarudi, na safari ile nilitaka kwenda kama mtu. Nikashuka sokoni nikanunua mbuzi beberu, mnene, mweusi, kwa mshahara wangu mwenyewe, nikampandisha hadi hapa nyumbani kwa mikono yangu. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilijiona nimewashinda wenye nyumba wote wa Moshi.

Baba yako ndiye aliyeshika kisu. Alikuwa kaka mkubwa, kaoa mwaka ule ule, na anapenda sana kuonekana. Akachinja, kisusio, ile supu ya damu, kikapikwa, mbege yetu ya ndizi ikaletwa, wanaume wakakaa uani. Akaanza kugawa. Kidari cha babu. Fungu la baba. Fungu la huyu ana nyumba yake, fungu la yule ana nyumba yake. Binamu zetu waliokuja mikono mitupu wakapata. Jirani aliyepita kusalimia tu akapata. Mimi nimesimama na sahani. Baba yako akanitazama, akachukua jani la mgomba lililokuwa chini mbele ya watoto, akatupia vipande vya mbavu na utumbo, akasema, "Wewe kula hapo na watoto. Fungu ni la mwenye nyumba."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha kusema ndivyo ilivyo. Nami nikakaa. Ndiyo, nilikaa chini kwenye majani, gauni la Dar na viatu vya Dar, katikati ya watoto waliokuwa wakinyang'anyana utumbo. Moyoni nikaapa kwamba kesho napanda basi la kwanza na huku hawanioni tena, hata kwenye msiba.

Bibi yetu, mzaa baba, alikuwa jikoni kwenye moshi wake. Sijui nani alimwambia. Alitoka na fimbo, akaja mpaka katikati ya wanaume, jambo ambalo mwanamke hakuruhusiwa kulifanya, na akauliza, "Mbuzi huyu ameletwa na nani?"

Baba yako akanionyesha kwa kidevu. Bibi akamwambia anipe fungu langu. Baba yako akaanza kueleza mila, yeye kijana wa juzi, anamweleza mila mwanamke aliyemlea baba yake! Bibi hakubishana. Alivuta kigoda akakaa pale pale, akasukuma fungu lake pembeni, akasema yeye hatakula. Na mama wa nyumba asipokula, mwanangu, nani atatia nyama mdomoni? Wote wakakaa. Kisusio kikaganda. Nzi wakaja. Binamu zetu wakawa wanaitazama ile nyama kama wamefiwa nayo. Mwishowe baba yangu akainuka, akamnyang'anya mwanawe kisu, akakata paja akaniletea mkononi.

Nikadhani yameisha, nikaenda jikoni kumshukuru bibi. Weee! Nilikutana na hasira nyingine. Aliniuliza kwa nini nilikaa chini. Aliniuliza ni nani aliyenikata ulimi huko ninakozunguka. Nikamjibu kwa jeuri kwamba mimi sina shida, Dar hakuna anayeniuliza habari za mume, na kesho narudi zangu. Akanitazama weee, macho mekundu kwa moshi, akasema:

"Hawakuulizi kwa sababu hawakujui. Usiite hiyo heshima. Sisi tunakuuliza kwa sababu tunakujua, na tunakuuliza vibaya. Sasa badala ya kutujibu, unakimbia. Siku ukifa huko, nani ataniletea habari?"

Sikuwa nimemwambia mtu habari za malaria. Nililia pale jikoni mpaka akanipa kipande cha ndizi ya kuchoma ninyamaze, kama mtoto. Kisha tukarudi wote wawili kwa baba yangu, na safari hii nilisema mwenyewe. Nilisema nataka mahali pangu katika kihamba hiki, nikichoka na miji ya watu nirudi kwangu, siyo kwa mtu. Baba aliinuka akachukua jembe. Halafu akatembea nami mpaka kona ya chini karibu na mfereji, akapanda masale, mimea yetu ya mpaka, pande zote, baba yako na wajomba wakishuhudia. Masale hayo ndiyo haya unayoyaona mlangoni. Hapa ulipokaa unamenya ndizi ndipo hapo.

Kwa hiyo baba yako anajua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka nashindwa kulala. Angekuwa hajui ningesema ni ushamba. Anajua, alikuwepo, alinyang'anywa kisu mbele ya watu, na jana bado alifungua kinywa kile kile kukuambia maneno yale yale. Na najua anachongoja. Anangoja nife hii kona irudi kwake. Mtoto wa mama yangu!

Leo asubuhi kabla hujaja nilimpitia. Alikuwa anakama ng'ombe, sikungoja amalize. Nilimwambia kona ya mfereji ni ya Aikande, na Jumamosi nawaita wajomba walio hai waje washuhudie kama walivyoshuhudia yangu. Akaniambia nitaleta aibu kwenye ukoo. Nikamwambia aibu ameileta yeye alipomliza mwanawe mbele ya wageni wa Jumapili. Nikamwambia pia Desemba hii mbuzi nanunua mimi na kisu nashika mimi. Akaacha kukamua. Maziwa yalikuwa yanamwagika miguuni kwake na wala hakuona.

Basi sikiliza, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Usiolewe ili upate kiwanja. Mwanaume wa Tarakea hana kosa, usimfanye ngazi. Ukitaka mume, mtafute kwa sababu unamtaka. Na ukichagua mji wa kuishi peke yako, usiishie kuuliza kama watakuacha utulie. Uliza ukilala siku mbili bila kufungua dirisha, nani atagonga. Kama Dar wapo, baki Dar, nitakupa baraka zangu huko huko. Kama hawapo, njoo Moshi. Hapa watakuuliza. Watakuuliza sokoni, kanisani, watakuuliza hata msibani umeshika sahani. Wajibu. Wajibu kila mara, kwa adabu ukiweza, bila adabu wakizidi. Usikae chini kwenye majani kama nilivyokaa mimi.

Sasa acha hizo ndizi, lete kichwa chako hapa. Bibi alinitemea mate ya baraka kwenye kipaji hiki cha uso, nami nakutemea wewe. Mungu wa mlima huu akupe kazi isiyokuchosha roho. Akupe nyumba yenye majirani wanaogonga. Akikupa mume, awe mtu. Asipokupa, mlango wako uwe na ufunguo mmoja na uwe mkononi mwako. Na Desemba ukija usije na sahani, njoo na kigoda. Fungu la kwanza nitakalokata ni lako, na baba yako ndiye atakayekuletea.