Mnofu wa Mgeni

Nikipita Pasiansi nikasikia harufu ya sangara akikaangwa, bado najiuliza kwanza nani kamleta.

Mama alifanya kazi kiwanda cha samaki. Minofu ilipakiwa kwenda Ulaya. Wafanyakazi waliuziwa mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa, na getini walipekuliwa hadi ndani ya mabuti. Nyumbani tulikula mapanki tu.

Jumapili moja mchana wanawake wenzake walijaa sebuleni kwetu, madirisha yamefungwa, wakiandika majina ya kuanzisha tawi la chama cha wafanyakazi. Karatasi ilikuwa mapajani kwa mama. Mwenzao mmoja akaingia amechelewa, katoka zamu, akanikabidhi mfuko wa nailoni.

"Kawakaangie wadogo zako," akasema.

Ulikuwa mnofu mzima, mweupe, hauna mfupa hata mmoja. Nikaukaanga, nikauleta sebuleni kwenye sahani nimwonyeshe mama.

Mama aliutazama mnofu, kisha akamtazama yule mwanamke.

"Dada, getini umepitaje na huu?"

"Wamenipa tu."

"Nani?"

Macho yake yakahamia kwenye karatasi. Mama akaikunja karatasi taratibu, akaikalia, akaanzisha wimbo wa kanisani. Wote wakaitikia, kama kwaya iliyokuja mazoezini, mpaka yule mgeni wa mnofu akaaga.

Alipoondoka, mama akamtupia mbwa ule mnofu. Akanigeukia.

"Wewe hujaonja?"

"Sijaonja, mama."

Nilikuwa nimekula kipande jikoni, na mpaka leo sijala samaki mtamu kama yule.