Deo Aliyekataa Kung'oa Turbo

Mpaka sasa naona kama nadanganywa. Jumatano asubuhi Deo ananitumia voice note kunikumbusha kubadilisha oili, jioni dada yake ananipigia simu: presha imemwondoa.

Kwa msiomjua, Deo alikuwa fundi wangu wa pikipiki pale Kiwalani, na rafiki yangu. Na niseme mapema, leo sijaja kulia tu. Kuna maneno yamesemwa msibani na mie siyaachi yapite.

Mjomba wake alisimama mbele ya watu akasema kijana hakuacha kitu, miaka minne kaipoteza kwenye chuma chakavu cha mwanamke mmoja. Huyo mwanamke ni mie. Hicho chuma ni pikipiki ya marehemu baba, ya miaka ya themanini, yenye turbo, ile mashine ndogo inayosukumia injini hewa ya ziada.

Nilipoirithi ilikuwa inafuka moshi kama jiko la kuni na inazima kila ikipata moto. Mafundi watatu waliniambia ng'oa turbo, funga injini ya bodaboda, upige kazi. Deo aliizunguka, akasema, "Sista, ukiing'oa hii utakuwa umemzika mzee mara ya pili." Nikamwachia.

Akapaka povu la sabuni kwenye kila mpira wa kupitishia hewa ya injini, akajaza upepo, akakaa anaangalia wapi panatoa mapovu. Wiki nzima. Wenzake wakamwita Dobi. Hakujali.

Akaziba, akarekebisha kimoja kimoja zaidi ya miaka miwili, hadi kosa lililobaki likawa langu. Nilikuwaga nazima injini kwenye kila mteremko kubana mafuta, kama bodaboda wote, na nikifika ofisini nazima papo hapo. Kumbe oili inaungulia ndani ya turbo. Deo alinifokea mbele ya wateja: "Wee dada, ukifika kaa juu yake dakika mbili ndo uzime. Una haraka ya kwenda kusaini wapi?" Nikawa nakaa. Mlinzi wa ofisini akadhani nimegombana na boss.

Tangu hapo, mwaka na nusu, naiendesha Kibamba hadi mjini kila siku ya kazi. Sijachelewa meeting hata moja kwa sababu ya pikipiki.

Jana tulikwenda kumzika Chanika. Mie nilikwenda na pikipiki hiyo hiyo, na sikuomba ruhusa ya mtu. Kwenye mlima wa Pugu basi la waombolezaji likachemsha. Gari la maiti lilishatangulia, padri anasubiri. Mjomba kashuka, suti imelowa jasho, anaangalia barabara.

Nikasimama mbele yake, nikampa helmeti. "Shikamoo mjomba. Panda."

"Marahaba. Hiki kitafika?"

"Panda, mjomba."

Akapanda, kashika koti langu kwa mikono miwili. Pikipiki ikapanda mlima bila kukohoa, tukapita malori mawili. Hatukusimama hadi makaburini.

Tulimkuta padri ndo anafungua kitabu. Mjomba akatupia udongo wake, akarudi nilipoegesha, akaweka kiganja juu ya tenki, akalia. Nilikuwa nimempangia maneno ya kumjibu tangu Alhamisi. Nikayaacha.

Deo, mjomba wako aliyawahi maziko yako. Wewe ndo uliyemfikisha.

Lala vizuri, fundi wangu.