Kaka wa Daftarini

Uongo mdogo mdogo nimeusema mwingi, kama mfanyabiashara yeyote, sina haya kulikubali hilo. Uongo mkubwa nimeusema mmoja tu. Niliusema mchana kweupe, nimesimama mlangoni mwa banda langu Chang'ombe, mbele ya karani wa serikali na mtani wangu mwenyewe.

Banda lilikuwa la magodoro. Mume wangu aliliacha alipofariki, na ndugu zake walikuja kutaka kuligawa hata eda sijamaliza. Niliwapelekea maneno nikiwa ndani: wachukue baiskeli, wachukue kitanda, wachukue hata kanzu zake za Ijumaa, lakini banda wasiliguse. Walicheka sana, ati mwanamke wa Kizaramo atashona magodoro. Basi nilitoka eda Jumatano, na Alhamisi asubuhi nikafungua mlango. Nilikuwa na cherehani moja ya kushonea foronya za magodoro, usufi niliokuwa nikiununua kwenye mashamba ya Kiwalani, na fundi mmoja niliyemrithi pamoja na banda.

Fundi mwenyewe alikuwa Mnyamwezi, mtu wa makamo, mpole wa sura na mkali wa ulimi. Alishuka pwani kutafuta kazi bandarini, akaishia kwenye usufi. Kazi ngumu yote ilikuwa yake: kushindilia usufi ndani ya kitambaa mpaka ugande sawasawa, kisha kulishona godoro kingo zote na kulipiga mafundo katikati kwa shazia, ile sindano nene ya urefu wa shubiri nzima. Godoro alilolipiga mafundo yeye halikuwa na bonde. Mhindi wa dukani mjini aliyekuwa akinunua mzigo wangu alikuwa akiyapapasa kwa kiganja tu, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anaita wapagazi wake wapakie.

Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo banda letu halikuwa na ukimya. Yeye akiingia tu anauliza kama leo kuna kazi au Wazaramo tuna ngoma. Mie namjibu kuwa kichwa chake kimekuwa bapa kwa mizigo ya babu yake, ndiyo maana akili hazikai. Siku ya kumzika mume wangu, mtu huyo alijilaza kizingitini akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chake, na mie niliyekuwa nimekaukwa na sauti kwa kulia nikajikuta nacheka mbele ya waombolezaji. Wale wasiojua utani watashangaa. Mie siku ile nilimshukuru kuliko wote walioleta ubani.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Siku moja likaja tangazo, likabandikwa penye ukuta wa soko, na mwenye kusoma akatusomea. Kila mwenye karakana, kiwanda au duka awaandikishe wafanyakazi wake, na karani wa serikali atapita banda kwa banda. Mfanyakazi akiumia kazini, tajiri wake atawajibika: matibabu, nusu ya mshahara siku zote atakazolala, na fidia akipata kilema. Tajiri anayeogopa mzigo huo akate bima, alipie kidogo kidogo, ili siku ya balaa bima ibebe.

Jamani, tulitaharuki. Tajiri ni nani, mie? Mie niliyekuwa nikivaa kanga moja kwa mwaka? Mhindi wangu nilipomwuliza alinieleza kwa utulivu kuwa duka lake lina bima ya moto miaka mingi na halijapata kuungua, na bado analipa, na analala usingizi. Nikamwambia yeye ana duka la kuungua, mie nina usufi tu. Jibu la kipumbavu, maana hakuna kitu kinachopenda moto kama usufi, lakini nilikuwa nimeshapandisha mori na sikutaka kuelezwa.

Njia ya kukwepa tulifundishwa na seremala jirani yangu, mtu wa maneno mengi. Sheria inasema mfanyakazi, alisema, haisemi ndugu. Mtu akisaidiwa na ndugu yake hajaajiri. Basi karani akija, kila mmoja wetu awe na ndugu. Barabara nzima tukaliafiki jambo hilo, tukacheka na kupigana viganja. Fundi wangu alikuwepo, anapasua kitambaa, na hakucheka.

Karani alikuja baada ya siku chache, kijana nadhifu wa kaptula iliyopigwa pasi, daftari kubwa kwapani. Aliniamkia shikamoo kwa adabu kabisa. Akaniuliza yule anayeshona ndani ni nani. Nikasema, "Huyu ni kaka yangu. Tumbo moja."

Karani alimtazama fundi, chale zake za Kinyamwezi na kimo chake, kisha akanitazama mie niliye mfupi kama kinu. Aliona kila kitu. Lakini kazi yake ilikuwa kuandika anachoambiwa, akaandika. Akamgeukia fundi kumwuliza kama ni kweli. Nilimtazama yule bwana kwa jicho la kumsihi. Aliichomeka shazia kwenye godoro, akasema ni kweli, yeye ni kaka yangu.

Kesho yake alifika kazini, akasema, "Habari za asubuhi, dada," akaketi akashona. Nikangoja ngoma za Wazaramo. Hazikuja. Nikamchokoza mie, nikamwuliza kichwa bapa kimeamkaje. Alinijibu kwa upole kuwa ndugu wa tumbo moja hawataniani. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi, banda likawa na sauti ya cherehani peke yake. Mie nilijitia hamnazo. Nilijiambia nimeokoa banda, na banda lisingekuwepo yeye naye angekuwa barabarani. Lakini moyoni nilijua nimempokonya kitu, na kila "dada" aliyoniita niliisikia kifuani.

Kisha ukaja mzigo mkubwa. Nyumba mpya zilikuwa zikijengwa upande wa Temeke, Mhindi wangu akapata wateja wengi kwa mpigo, akaniagiza magodoro ambayo kwa kawaida tungeyashona kwa msimu mzima. Nilikubali kwa tamaa. Nilimharakisha yule mtu, mchana hana kupumzika, chai anakunywa amesimama. Shazia moja ilikuwa imepinda na kushika kutu, akaniambia inataka kubadilishwa, nikamwambia tumalize kwanza hili na lile. Ikamkatikia katikati ya fundo. Kipande kilichobaki kikaingia kiganjani mwa mkono wa kulia mpaka nyuma.

Alifunga kitambaa akaendelea, na mie nikamwacha aendelee. Sisemi hili kwa kutafuta kuhurumiwa. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko na mwili unatetemeka kwa homa. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Daktari alimpasua kiganja, na siku kadhaa hatukujua kama mkono utabaki au utakatwa. Ulibaki. Vidole viwili vikakauka vimejikunja, havifunguki.

Mie nikampikia. Kila siku nilipeleka sahani nyumbani kwake, wali na samaki, mchuzi wa nazi. Mkewe alinipokea vizuri, lakini kila sahani ilirudi na kitu juu yake: unga, mihogo, hata mkaa uliofungwa kwenye gazeti. Hawakukubali kuwa na fadhila yangu hata ya siku moja. Nilipoona sahani ya saba imerudi na mayai mawili, na najua nyumba ile haikuwa na kitu, nilikasirika nikaenda mwenyewe kuuliza nimekosa nini.

Alikuwa ameketi barazani, mkono kwenye bendeji. Alinikaribisha mkeka. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mfanyakazi akiumia anapewa haki yake," alisema. "Ndugu anapewa sahani ya wali. Mie nimekufanyia kazi miaka sita, dada. Sikuzaliwa na mama yako."

Nilirudi Chang'ombe kwa miguu, nimejifunika kanga mpaka machoni. Nililia njia nzima, tena kwa hasira, na hasira yote ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nimejisifu kwamba nimemwita kaka. Nani alimwomba undugu yule mtu? Nilimpa undugu kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko kumwandika.

Asubuhi nilikwenda ofisini. Karani alikuwa yuleyule. Nikamwambia nilisema uongo, nataka aufute. Alifunga mlango kwanza, akanieleza kwa huruma, kama anavyomweleza mama yake. Nikifuta, nitatozwa faini. Bima haitagusa ajali iliyokwisha kutokea, kwa hiyo nusu mshahara wa siku zote alizolala, na fidia ya vidole viwili kama bwana mkubwa wa ofisi atakavyopima, vitatoka kwangu. Nikiacha ilivyo, hakuna atakayeniuliza. Aliniambia nikafikiri.

Nilikuwa nimeshafikiri; nikamwambia ampelekee bwana mkubwa. Cherehani nilimwuzia fundi wa nguo mmoja wa Temeke, aliyekuwa akiitamani tangu mume wangu yu hai. Ilipopakiwa kwenye mkokoteni nilisimama ndani ya banda nikaona alama nne za miguu yake sakafuni, nikajikaza kisabuni, nikachukua fagio. Foronya nitashona kwa mkono. Niliwahi kuambiwa siwezi kushona magodoro, na nikashona.

Seremala alipopata habari alikuja juu, na wenye karakana wengine nyuma yake. Ati nimewachoma, sasa karani atarudi kuhesabu ndugu wa barabara nzima. Niliwaambia arudi, na mwenye kaka wa kweli hana la kuogopa. Niliwaambia pia kwamba banda lisiloweza kumtibu mtu mmoja anayelibeba, hilo si banda, ni mtego, na langu sitaliendesha hivyo hata wakinisusa. Kweli walinisusa. Seremala alikaa mwaka mzima haniazimi hata nyundo.

Bwana mkubwa alitaka kutuona wote wawili. Tulisimama mbele ya meza yake, Mzungu mwenye miwani na uso wa kuchoka, karani pembeni akitafsiri. Fundi alikuwa amevaa kanzu safi, mkono ameuficha kwenye mkunjo wake. Hakuniuliza nimemwitia nini na mie sikumwambia, maana nilikuwa naogopa nikianza kusema nitalegea. Daftari likafunguliwa kwenye ukurasa wetu. Karani akauliza, kwa niaba ya bwana mkubwa, mtu huyu ni nani kwangu.

"Si ndugu yangu," nilisema. "Hatuna damu moja wala kabila moja. Ni mfanyakazi wangu. Aliumia akifanya kazi yangu kwa sindano mbovu niliyokataa kuibadilisha, na nilidanganya nisimlipe."

Mzungu alitafsiriwa yote, akanitazama juu ya miwani. Aliuliza kama naelewa maana ya faini. Nikasema naelewa. Akamwuliza fundi kama ni kweli. Yule mtu aliutoa mkono kwenye kanzu, akauweka mezani na vidole vyake viwili vilivyojikunja, akasema ni kweli, yeye ni fundi wa magodoro. Karani akapiga mstari juu ya neno la zamani, akaandika jipya pembeni yake. Nikaweka dole gumba langu penye wino. Fundi akaweka la kushoto.

Tulitoka nje, jua la saa sita. Nikamweleza kwamba cherehani haipo, kwamba malipo yake yatakuja mafungu kwa mafungu lakini yatakuja, kwamba bima nimekata kuanzia leo. Nikamwambia kazi ipo akiitaka, ya kuchambua usufi na kunisimamia mafundo, maana yangu yana mabonde. Alisikiliza yote ameangalia chini. Nikadhani sasa ndipo ataniaga.

Aliinua uso.

"Mtani," aliniita, na mie nikashika nguzo ya ofisi ya watu. "Nyie Wazaramo kwa uvivu hamjambo. Hata kusema kweli imekuchukua mwaka mzima."