Sahani ya Tano

Sahani tupu nusura itupeleke gerezani. Mke wa mhandisi mmoja Mfaransa hapa Maskati alitualika, mimi na mke wangu, kwenye Krismasi kama ya shambani kwao, bila makuu: supu ya maboga, mkate na mishumaa. Tulikuwa wanne. Sahani zilikuwa tano.

Tumeanza tu kula, mlango ukagongwa. Akaingia askari wa msako na bunduki yake. Akatuhesabu kwa kidole, kisha akazihesabu sahani.

"Wa tano mmemficha wapi?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Mke wangu akanibana mkono chini ya meza. Nikamuuliza mwenyeji.

"Hakufichwa mtu," akasema huku akitabasamu. "Kwetu, siku hii, maskini apitaye huwekewa sahani yake."

Nikamfasiria askari. Akanikazia macho mpaka nikainama. Kisha akavuta kiti, akaweka bunduki mapajani, akala.

Mwenyeji akaninong'oneza kwa furaha: "Kijijini kwetu hajapata kuja mtu!"

Nikaitikia kwa kichwa tu. Wenzetu mlango ukigongwa, humtengea mgeni sahani. Sisi tuliokimbia Unguja hutafuta kwanza mlango wa uani.