Maswali ya Anko

Anko wangu alikuwa profesa wa sosholojia, na kwa miaka hiyohiyo alikuwa mtu wa ujasusi wa jeshi. Siku hizi hakumbuki choo kiko wapi, lakini ile kazi ya pili haijamtoka. Ninaishi kwake, mtaa wa Buruburu, tangu nimalize kidato cha nne, nikitafuta kazi kwa bidii nikiwa nimelala kwenye kochi.

Yeyote anayemletea chakula lazima ahojiwe. Mimi hupita bila shida. "Huyu mwacheni," husema. "Huyu hatumwi hata dukani."

Aliyekuwa akifeli ni anti, mke wake. Alitaka kitu kimoja tu: mzee amtambue, hata mara moja, kabla hajafa.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mkeo."

"Umetumwa na nani?"

"Baba watoto, mimi ni mkeo."

Mara ya tatu anti hujibu vilevile, mzee hufunga mdomo, uji unapoa.

Zamani, mzee akisahihisha mitihani sebuleni, alipenda kujigamba kwamba anamjua mwongo: msema kweli huruka, hurudi nyuma, husahau. Anayejibu sawasawa mara tatu amekariri. Nikamwambia anti, "Wewe unajibu kama mtoto wa nasari. Mpigie hadithi."

"Leo unanifundisha ndoa, wewe ambaye hata kuku hujafuga?"

Lakini Jumapili akajaribu. Akasema walikutana kantini ya chuo. Hapana, ilikuwa foleni ya maktaba, mvua inanyesha, au labda ni chai tu ilimwagika. Suruali yake ilikuwa ya kahawia na haikumtosha. Mama alimkubali, baba akakataa, ama ilikuwa kinyume. Mzee aliinamisha kichwa, akauliza tena, na tena. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa anti.

"Ni yeye," akaniambia. "Huyu ni mke wangu."

Anti akaanza kulia. Mimi nikajiona daktari.

"Msichana mzuri," mzee akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti. "Lakini tuliyemtaka ni kaka yake. Huyu alikuwa mlango tu. Wakubwa wakasema nioe, nitakaribishwa ndani."

Kaka wa anti alikuwa kiongozi wa wanafunzi. Watu wa ujasusi walimchukua wiki chache baada ya harusi. Alirudi hawezi kushika kijiko, na dada yake ndiye aliyemlisha mpaka tukamzika.

Anti alipangusa macho kwa pembe ya leso. Akavuta bakuli karibu.

"Nina njaa," mzee akasema.

"Najua, baba watoto."

Akajaza kijiko, akakifikisha kwenye midomo ya mzee, akakigeuza, akala yeye. Akajaza kingine. Uji uliisha hivyo, taratibu, na mzee akawa anafungua mdomo kila kijiko kilipokaribia.