Treyi Isiyo na Komande

Gari letu lilikuwa jeep kuukuu, na barabara ya Manguredjipa ililimeza kila msimu wa mvua. Mimi nilikuwa fundi wa magari mjini Butembo, hivyo aibu ilikuwa yangu. Mwishowe nikapata treyi huko Beni, ile mashine ya kukokota gari kwa kamba ya chuma, iliyofunguliwa kwenye gari lililoungua. Nikaifunga mbele, juu ya kipande cha chasi ya lori. Nikaongeza puli, mnyororo, beleshi na mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu. Nilijiona mtu.

Lakini ilikuwa vita. Wanajeshi wa kila upande walipenda magari yanayotembea, kwa hiyo sisi tulihakikisha letu halitembei. Habari ikifika kwamba wanakuja, tulilifungua vipande vipande, na kila mtu nyumbani alificha kipande chake. Sheria niliiweka mimi mwenyewe: usimwambie mwingine umeficha wapi, ili akipigwa asiwe na la kusema. Hata leo nikiikumbuka nasikia hasira.

Safari moja tulikimbilia na gari shambani kwetu, karibu na Manguredjipa. Nilizika treyi chini ya migomba, mke wangu akachukua betri. Mama akanyoosha mkono.

— Unipatie ile ya kidogo.

Alitaka komande, kidude chenye waya na vitufe viwili, kinachochomekwa kwenye treyi ili izunguke.

— Mama, ile nani atayitaka?

— Njo maana nitaificha miye.

Wiki chache baadaye, asubuhi, mama alishindwa kuinuka. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kuume hausogei, maneno yamekwisha. Hospitali ya kumsaidia ilikuwa Butembo. Nilifukua treyi, tukalifunga gari mbio mbio, na kila kipande kikapatikana isipokuwa komande. Nikapiga magoti mbele yake.

— Mama, uliwekaka wapi komande?

Macho yake yalihangaika chumba kizima, kisha machozi yakamtoka. Tulimwaga unga, tukapekua paa, tukachungulia vyungu. Adhuhuri tukaondoka bila hiyo. Mke wangu alimlaza nyuma, akamwekea chini ya kichwa mto wake wa kanisani, ule aliokalia kila Jumapili kwa sababu mabenchi yalimuumiza.

Kwenye mlima wa tatu gari likazama matopeni hadi milangoni. Mti mzuri wa kufungia kamba ulikuwa mbele yetu, hatua ishirini tu. Nilichimba, nikatia mbao, mbao nazo zikazama. Mama alikuwa akigusagusa kichwa kwa mkono wa kushoto.

— Anasikia joto, mke wangu alisema, akawa anampepea.

Mimi sikuweza kungoja tena. Nikafungua kisanduku cha treyi, nikaunganisha nyaya moja kwa moja, kwa kubahatisha. Zikaruka cheche, ukatoka moshi, ndani ya treyi kukaungua kote. Kwa kosa hilo nimewagombeza mafundi wengine mara nyingi.

Mke wangu akauvuta mto ili mama apate hewa. Kitu kigumu kikagonga ubavu wa gari. Mshono wa upande mmoja ulikuwa wa uzi mpya, mweusi, na alipoupasua, komande ikaanguka. Mkono wa mama ukatulia. Si joto alilokuwa akituonyesha.

Alinitazama, akingoja. Sikuwa na uso wa kumwambia nilichofanya. Nikaichomeka komande kwenye treyi, nikainyanyua juu ili aione kupitia kioo, nikabonyeza. Hakikusogea kitu.

— Iko navuta, mama, nikamwambia.

Akafumba macho. Watu wa kijiji cha jirani walipofika na kamba zao kutuvuta, hakuwa tena na haja ya hospitali.