Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Zdravka Mineva alikuwa na kanuni moja ya malezi, na aliishika kwa miaka thelathini: mtoto hadanganywi, wala hafundishwi kudanganya. Mumewe alipoondoka na karani wa ghala, majirani walimsihi amwambie binti yao kwamba baba amepata kazi melini. Galya alikuwa na miaka sita. Zdravka alimkalisha jikoni, akamwambia, "Baba yako ametuacha. Amehamia kwa mwanamke mwingine. Si kosa lako." Kisha akammenyea pichi. Majirani walisema ana roho ngumu. Hakujali. Katika kiwanda cha kusindika mboga, alikokuwa msimamizi wa ukaguzi, aliikataa chupa ya nyanya yenye kiputo kimoja tu chini ya kifuniko, na hakuona kwa nini nyumbani awe mtu mwingine.

Kanuni hiyo aliivunja akiwa na miaka hamsini na saba, mezani kwake, mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa, naye amejiandikisha kwenye ofisi ya ajira kama mtu asiye na kazi. Galya alikuwa anashona makoti kwenye karakana ya Waitaliano nje ya mji. Mumewe Galya aliendesha lori Ujerumani. Mtoto wao Sirma, wa miaka minne, alikuwa kwenye orodha ya kusubiri nafasi ya chekechea tangu azaliwe. Serikali ilikuwa na msaada wake: mama anayerudi kazini analipiwa mlezi wa mtoto, mradi mlezi huyo awe hana kazi na asiwe ndugu wa mtoto. Mgeni kutoka mtaa wowote angelipwa. Bibi, ambaye tayari alikuwa anampikia mtoto supu na kumfuta makamasi, asingelipwa hata sarafu moja ya stotinka. Ilikuwa sheria ya kipumbavu, na Zdravka alisema hivyo wazi kwa kila aliyemsikiliza. Lakini kwa sheria ya kipumbavu yeye alijua dawa moja tu, kuilalamikia. Jengo zima lilijua dawa nyingine.

Tsonka wa ghorofa ya sita, aliyekuwa anamlea mjukuu wake Yoana, aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake, mdomo umejaa mbegu za alizeti.

"Shoga, acha kununa. Mimi naandikwa mlezi wa Sirma wako, wewe unaandikwa mlezi wa Yoana wangu. Kila mtu anabaki na wake. Serikali inataka karatasi, tunaipa karatasi."

"Huo ni uongo, Tsonka."

"Uongo gani? Watoto wapo, mabibi wapo, kazi inafanyika. Tumebadilishana majina tu. Mlango wa pili wa jengo hili wamefanya wote, hata mke wa kasisi."

"Mke wa kasisi ana dhambi zake."

"Na ana friji mpya pia," Tsonka alisema, akatemea maganda kiganjani.

Galya alikuwa amesimama mlangoni na koti la kazi mkononi. Yeye hakucheka.

"Mama, nisikilize. Mshahara wangu hautoshi. Usipotia saini, mwezi ujao naacha kazi, namchukua Sirma, tunamfuata baba yake Ujerumani. Tutalala watu watatu chumba kimoja. Nakwambia ukweli, si ndivyo unavyopenda?"

"Mtoto ataulizwa, Galya. Atajibu nini?"

"Atajibu tutakachomfundisha. Mimi nimelishwa ukweli wako tangu nina miaka sita, mama. Haukunishibisha."

Zdravka alitia saini. Alijiambia kwamba anamlinda mtoto asipelekwe mbali. Kwa kweli alikuwa anajilinda mwenyewe asiachwe peke yake tena, na alilijua hilo hata kalamu ilipokuwa inatembea. Kwa malipo ya miezi ya kwanza aliweka jino la bandia mbele, mahali palipokuwa na pengo kwa miaka tisa. Fundi alimpa kioo. Alijitazama, akafunga mdomo haraka.

Mkaguzi wa ofisi ya ajira, Bi Raycheva, alitakiwa kupita bila taarifa. Lakini binamu yake Tsonka alikuwa anakaa meza ya pili katika ofisi hiyo hiyo, kwa hiyo simu ilitangulia kila mara, na Tsonka aligonga kwa kijiko, mara tatu, bomba la maji ya moto linalopasha jengo joto. Mlio ulishuka ghorofa zote kupitia chuma hicho. Hapo Sirma alipaswa kukimbia ngazi kutoka ghorofa ya tatu hadi ya sita, na Tsonka kushuka na Yoana, amkabidhi kwa Zdravka, kisha apande tena kabla mkaguzi hajafika.

Yoana alikuwa na mwaka mmoja. "Wangu bado hajaota ulimi," Tsonka alisema. "Wako ndiye kasuku, huyo ndiye wa kufundwa." Na akamfunda, kwenye meza ya Zdravka, kwa biskuti za Zdravka.

"Mlezi wako nani?"

"Shangazi Tsonka." Watoto wote wa jengo walimwita hivyo.

"Unakula wapi mchana?"

"Kwa shangazi Tsonka."

"Na huyu mama wa ghorofa ya tatu ni nani?"

Sirma alimtazama Zdravka, akacheka. "Bibi!"

"Hapana! Biskuti hakuna. Huyu ni nani?"

Mtoto alifikiri. "Jirani."

"Safi kabisa, kipenzi changu. Chukua mbili."

Zdravka alikuwa ameketi hapo hapo. Sahani ilikuwa mbali kidogo na mtoto, naye akaisukuma karibu. Katika mambo yote ya miezi ile, hilo ndilo lililomchukiza kuliko yote baadaye: mkono wake mwenyewe ukisukuma sahani.

Kufikia ukaguzi wa tatu Sirma alikuwa bingwa. Alijibu hata yale ambayo hakuulizwa. Alimweleza mkaguzi jinsi shangazi Tsonka anavyomsuka nywele na kumwimbia, mambo ambayo hayajawahi kutokea, na Tsonka alishuka akijipiga mapaja kwa kicheko. "Huyu ataingia bungeni, nakwambia!" Wiki ile ile chupa ya jemu ya plamu ilipatikana imevunjika chini ya sinki la Zdravka. "Ni shangazi Tsonka," Sirma alisema, macho makavu, ametazama mbele. Tsonka hakuwa amekanyaga pale siku mbili. Zdravka aliutambua uso ule. Ulikuwa uso wa siku za ukaguzi. Alifungua mdomo amkemee, ulimi ukagusa lile jino, akachukua tambara akafuta jemu. Alijiona mchafu kuliko sakafu.

Miezi saba baada ya saini ile, asubuhi moja ya Aprili, kijiko kiligonga bomba kwa pupa kuliko siku zote. Simu ilikuwa imechelewa. Lifti ilikuwa mbovu, na Bi Raycheva alikuwa tayari anapanda kwa miguu, ameshaipita ghorofa ya tatu. Sirma alikuwa anakula mtindi. Aliacha kijiko, akaruka kutoka kitini, akatoka na soksi tu miguuni. Zdravka aliita, "Viatu!" Kisha akasikia kishindo.

Alipofika kati ya ghorofa ya nne na ya tano, mkaguzi alikuwa amemwinamia mtoto, faili kwapani, na Tsonka alikuwa anateremka na Yoana mikononi. Mkono wa kushoto wa Sirma ulikuwa umegeukia upande ambao mkono haugeukii. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Huyu mtoto ni wa nani?" Bi Raycheva aliuliza.

Sirma alimwona Zdravka, akamnyooshea mkono ule mzima. Kisha akaliona faili, akaurudisha.

"Mimi wa shangazi Tsonka," alisema, meno yakigongana. "Huyu ni jirani."

Safari hii hakukuwa na biskuti.

"Ni mjukuu wangu," Zdravka alisema.

"Zdravka, nyamaza," Tsonka alisema kwa sauti ya chini. "Amechanganyikiwa huyu, dada mkaguzi. Ni mshtuko."

"Ni mjukuu wangu. Ninamlea mimi, kila siku. Huyu hajamchemshia hata yai."

Bi Raycheva aliinua kichwa. Hakuonekana kushangaa hata kidogo, na hapo Zdravka akaelewa kwamba alikuwa anajua tangu siku ya kwanza.

"Mama, ngazi hii ina mwangwi. Sikukusikia vizuri."

"Nimesema ni mjukuu wangu!"

"Na mimi nimesema sikusikia." Akashusha sauti. "Nina nyumba mia mbili, na zote ziko sawa kwenye karatasi. Nikisikia yako, nitalazimika kusikia zote. Mlezi aje hapa na kitambulisho."

Gari la wagonjwa lilikuwa na nafasi ya mtu mzima mmoja. Jina kwenye karatasi lilikuwa la Tsonka, basi akaingia Tsonka. Zdravka alibaki ngazini amembeba Yoana, mtoto ambaye kwa mujibu wa serikali alikuwa wake wa kumlea, na mtoto huyo alimlilia usoni kama mtu asiyemjua, kwa sababu hakuwa anamjua.

Kesho yake alikwenda ofisini, akaandika yote kwenye kurasa mbili, akataja jina lake mwenyewe kabla ya mengine yote, na jino lake pia. Mkuu wa ofisi alimpa kahawa, akasoma, akasema, "Mwandiko mzuri, mama. Siku hizi hawafundishi hivi." Baada ya wiki mbili ilikuja barua: walezi wamebadilishwa kwa ombi la wazazi. Basi. Hakuna aliyeadhibiwa, hakuna aliyeulizwa. Tsonka alipata mtu mwingine wa kubadilishana naye, katika mlango wa pili, na hamsalimii Zdravka tena. Galya hakwenda Ujerumani. Aliandikisha mwanamke wa jengo la ng'ambo, mgeni halisi, wa halali, anayelipwa na serikali kumlea Sirma mbele ya televisheni.

"Umefurahi?" Galya alimwuliza kwa simu. "Sasa kila kitu ni kweli."

Jumapili humleta mtoto kwa saa moja. Zdravka huoka mkate wa jibini, huukata vipande vidogo, humtazama akila kwa mkono wa kulia tu.

"Niite," alimwambia Jumapili moja.

Sirma aligeuka, akatazama mlango. "Hakuna mtu?"

"Hakuna."

Akamsogelea sikioni, akanong'ona, "Bibi."

Kanuni ya miaka thelathini ilivunjwa kwa miezi saba. Bei yake ni mtoto wa miaka minne ambaye mkono wake haunyooki tena hadi mwisho, na ambaye hutazama mlango kwanza kabla ya kusema kweli.